Puto Lenye Dawa: Jitihada za Kuzuia Kufinyika Upya kwa Mishipa ya Ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wote. Hata hivyo kiungo hiki kidogo hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili unahitaji wakati wa mapumziko. Tena ubongo hauna ghala la kuweka akiba. Msuli waweza kufanya kazi kwa muda hata kama damu imepungua, lakini seli za ubongo zikikosa damu kwa dakika chache tu huanza kufa, na zikisha kufa hazioti nyingine mahali pake. Kwa sababu hiyo maisha ya ubongo hutegemea mishipa inayouletea damu, na kila ugonjwa unaoifinya mishipa hiyo ni hatari kubwa.

Makala hii inaeleza njia moja ya matibabu ambayo imechunguzwa sana katika miaka ya karibuni, nayo ni ile ya kutumia puto lililopakwa dawa ili kufungua ateri ya ubongo ambayo ilikwisha kufunguliwa mara moja kwa stenti, kisha ikafinyika tena. Ili msomaji aelewe njia hiyo, hana budi kwanza kuelewa jinsi mshipa unavyofinyika, jinsi unavyofunguliwa, na kwa nini hurudia hali yake ya awali.

Njia za damu kichwani

Damu hufika ubongoni kwa ateri nne. Mbili hupanda upande wa mbele wa shingo, moja kulia na moja kushoto, nazo huitwa karotidi. Nyingine mbili hupita nyuma, ndani ya matundu ya pingili za shingo. Zikiingia katika fuvu huungana kuwa ateri moja iitwayo basila, ambayo hulisha shina la ubongo. Chini ya ubongo njia hizi za mbele na za nyuma huunganishwa na vijishipa vinavyofanya umbo la duara. Mganga Mwingereza Thomas Willis alilieleza duara hilo katika kitabu chake cha mwaka 1664, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Manufaa ya duara hili ni kwamba njia moja ikiziba, damu yaweza kuzunguka na kupitia njia nyingine. Lakini kwa watu wengi duara si kamili, na msaada wake huwa mdogo.

Ateri za ndani ya fuvu zinatofautiana na zile za moyo au za miguu kwa mambo matatu makubwa. Kwanza, ni nyembamba: kipenyo cha zile kubwa ni milimita 3 hivi. Pili, kuta zake ni laini, tena hazina tabaka nene la nje linaloishikiza ateri ya kawaida. Zimeelea katika maji yanayouzunguka ubongo, bila nyama ya kuzishika. Tatu, kutoka ubavuni mwake huchipuka vijishipa vidogo mno, vyembamba kuliko uzi, ambavyo huingia ndani kabisa ya ubongo. Kijishipa kimoja cha namna hiyo kikiziba, hakuna kingine cha kukisaidia, na sehemu inayolishwa nacho hufa. Inafaa msomaji ayakumbuke mambo haya matatu, kwa maana ndiyo yanayoamua mengi katika matibabu yatakayoelezwa.

Mfinyo na madhara yake

Kwa miaka mingi mafuta ya kolesteroli, chembe za damu na chokaa huweza kujikusanya ndani ya ukuta wa ateri na kufanya uvimbe. Shinikizo kubwa la damu, ugonjwa wa kisukari na uvutaji wa tumbaku huharakisha jambo hilo. Uvimbe ukikua, tundu la mshipa hupungua.

Upungufu huo huleta madhara makubwa kuliko unavyoonekana kwa macho. Karibu na mwaka 1840 mganga Mfaransa Jean Poiseuille aligundua kwamba kiasi cha maji yanayopita katika neli nyembamba hufuata nusu-kipenyo cha neli hiyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Kwa hiyo, neli yote ikipungua kipenyo kwa nusu, na msukumo ukabaki ule ule, maji yanayopita hayawi nusu, bali huwa sehemu moja tu kati ya 16. Damu si maji, na mfinyo wa ateri huwa mfupi, hivyo hesabu hii haifuatwi sawasawa mwilini. Lakini inaonyesha kwa nini badiliko la milimita moja ni jambo zito. Ateri yenye kipenyo cha milimita 3 iliyofinyika kwa asilimia 70 hubakiwa na tundu la milimita 0.9, na eneo la tundu hilo ni asilimia 9 tu ya lile la kwanza.

Mfinyo wa namna hiyo huleta kiharusi kwa njia kadhaa. Damu huweza kupungua kupita kiasi. Au donge la damu hujifanya juu ya uvimbe, likang'oka na kuziba mshipa ulio mbele. Au uvimbe wenyewe hufunika midomo ya vile vijishipa vya ubavuni. Mgonjwa hupooza upande mmoja, mdomo huenda upande, au hushindwa kusema. Mara nyingine dalili hizo huja na kuondoka baada ya muda mfupi. Kuondoka huko si kupona, bali ni onyo.

Kutoka katheta hadi stenti

Wazo la kufungua mshipa kutoka ndani, bila kupasua, lilianza kutekelezwa tarehe 16 Januari 1964 katika mji wa Portland, nchini Marekani. Siku hiyo Charles Dotter alipitisha katheta katika ateri ya mguu wa bibi mwenye umri wa miaka 82, ambaye alikuwa ameambiwa kwamba hana budi kukatwa mguu. Ateri ilifunguka na mguu ukasalimika. Tarehe 16 Septemba 1977, huko Zurich, Andreas Grüntzig alitumia puto dogo kufungua ateri ya moyo. Puto hupitishwa likiwa limenywea, hufikishwa penye mfinyo, kisha hujazwa maji yenye dawa inayoonekana kwa eksirei, nalo hutanua njia.

Lakini puto lilikuwa na kasoro. Ukuta uliotanuliwa huweza kurudi nyuma kama mpira uliovutwa, au kuchanika na kipande chake kuanguka ndani ya tundu. Hivyo ikabuniwa stenti, yaani kimia cha madini kilichosukwa kwa umbo la neli, ambacho hutanuliwa ndani ya mshipa na kuachwa humo daima ili kuushikiza ukuta. Stenti ya kwanza katika ateri ya moyo wa binadamu iliwekwa mwaka 1986 huko Toulouse, nchini Ufaransa, na Jacques Puel.

Katika ubongo mambo yalikwenda polepole zaidi. Mwaka 2005 wakuu wa dawa wa Marekani waliruhusu, kwa masharti maalum, stenti iitwayo Wingspan iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na titani ili itumike katika ateri za ndani ya fuvu. Ilionekana dhahiri kwamba mfereji uliofinyika ukizibuliwa, mgonjwa hupata nafuu. Ilibaki tu kuthibitisha.

Fundisho la mwaka 2011

Uthibitisho haukuja. Katika jaribio la Marekani liitwalo SAMMPRIS, wagonjwa 451 waliokuwa wamepata kiharusi au dalili zake karibuni, na ambao ateri zao zilifinyika kwa asilimia 70 hadi 99, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kupunguza shinikizo la damu na kolesteroli, pamoja na mafunzo ya kubadili mwenendo wa maisha. Kundi la pili lilipewa hayo yote na stenti juu yake. Mnamo Aprili 2011 uandikishaji wa wagonjwa ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika siku 30 za kwanza, waliopata kiharusi au kufa katika kundi la stenti walikuwa asilimia 14.7, na katika kundi la dawa peke yake asilimia 5.8.

Sababu zilikuwa zile zile tatu zilizotajwa juu ya maumbile ya ateri hizi. Baadhi ya wagonjwa walivuja damu ubongoni. Wengine vijishipa vyao vya ubavuni viliziba wakati uvimbe ulipobanwa na kusukumwa pembeni. Mwaka 2012 ruhusa ya kutumia stenti hiyo ilibanwa. Hata jaribio la China lililotangazwa mwaka 2022, ambalo lilikuwa na wagonjwa 358 waliochaguliwa kwa uangalifu zaidi na kutibiwa na wataalamu wazoefu, halikuonyesha kwamba stenti inashinda dawa. Tangu hapo mgonjwa mpya hutibiwa kwanza kwa dawa, na stenti huachiwa wale ambao viharusi vinawarudia licha ya dawa.

Kwa nini mshipa hufinyika tena

Wale wachache wanaowekewa stenti hukabiliwa na tatizo la pili. Puto na stenti hutanua mshipa kwa kuujeruhi. Utando laini wa ndani huchubuka, chembe za kugandisha damu hukusanyika, na mwili huanza kazi ya kuponya jeraha. Seli za misuli zilizomo katikati ya ukuta huamka, huongezeka kwa kugawanyika, na kuhamia upande wa ndani, ambako hutengeneza nyama mpya. Nyama hiyo ni kovu. Likiwa jembamba, ni jambo jema, kwani hufunika madini ya stenti yasigusane na damu. Likizidi, hupenya katika matundu ya kimia kama majani yanavyopenya katika wigo, na njia hufinyika upya, mara nyingi katika miezi ya kwanza baada ya matibabu.

Jambo hili si nadra. Katika jaribio lingine la China lililotangazwa mwaka 2022, wagonjwa 263 wenye mfinyo ndani ya fuvu waliwekewa ama stenti ya kawaida ama stenti iliyopakwa dawa ya kuzuia kovu. Baada ya mwaka mmoja, stenti za kawaida zilizofinyika upya zilikuwa asilimia 30.2, na zile zenye dawa asilimia 9.5. Hesabu hizo zilithibitisha mambo mawili: kwamba kovu ni adui wa kweli, na kwamba dawa yaweza kumzuia.

Basi mgonjwa ambaye stenti yake imefinyika atibiwe vipi? Akitanuliwa kwa puto tupu, kovu lile lile huchubuliwa na kuanza kuota tena. Akiwekewa stenti ya pili ndani ya ile ya kwanza, tundu lililokuwa la milimita 3 hupunguzwa na tabaka mbili za madini, na midomo ya vijishipa vya ubavuni hufunikwa zaidi. Kilichotakiwa ni kitu cha kupeleka dawa mahali hasa panapohusika, kisha kiondoke bila kuacha chochote cha madini nyuma yake.

Puto linalobeba dawa

Kitu hicho kilibuniwa nchini Ujerumani na Bruno Scheller na Ulrich Speck pamoja na wenzao. Dawa waliyoichagua ni paklitakseli, ambayo asili yake ni gome la mti wa Taxus brevifolia uotao pwani ya magharibi ya Marekani, na ambayo umbo lake la kikemia lilitangazwa mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake walieleza jinsi inavyofanya kazi. Seli inapotaka kugawanyika hujenga ndani yake vijineli vidogo mno vya protini, kisha huvibomoa na kuvijenga upya kwa mpango maalum. Paklitakseli huvikaza vijineli hivyo visiweze kubomoka. Seli hukwama katikati ya kazi na kushindwa kuongezeka. Kwa sifa hiyo dawa hii imetumika kwa muda mrefu kutibu saratani.

Kikwazo kilikuwa wakati. Stenti yenye dawa hukaa mwilini na kutoa dawa kwa majuma mengi, lakini puto hujazwa kwa nusu dakika au dakika moja tu. Iliaminika na wengi kwamba muda huo hautoshi. Watafiti hao waligundua kwamba paklitakseli hupenda mafuta na kuchukia maji, hivyo ikishaingia katika ukuta wa ateri hung'ang'ania humo kwa siku nyingi. Na kwamba ikichanganywa na iopromidi, ambayo ni dawa ya kawaida ya kuonyesha mishipa katika eksirei, huachia puto upesi na kuingia katika ukuta kwa wingi zaidi.

Kipimo kilichotumika kilikuwa mikrogramu 3 kwa kila milimita mraba ya puto. Msomaji aweza kufanya hesabu mwenyewe. Puto lenye kipenyo cha milimita 3 na urefu wa milimita 15 lina eneo la milimita mraba 141 hivi. Kwa hiyo hubeba mikrogramu 424, yaani chini ya nusu ya miligramu. Mgonjwa wa saratani huweza kupewa miligramu 300 kwa mara moja, ambayo ni kiasi cha mara 700 zaidi. Nguvu ya puto si wingi wa dawa, bali ni kuifikisha mahali pake.

Mwaka 2006 matokeo ya kwanza yalitangazwa, yakihusu wagonjwa 52 ambao stenti zao za moyo zilikuwa zimefinyika. Miezi sita baadaye, kati ya 23 waliotibiwa kwa puto tupu na kupigwa picha tena, 10 walikuwa wamefinyika upya. Kati ya 22 waliotibiwa kwa puto lenye dawa, ni mmoja tu. Katika jaribio la Marekani lenye wagonjwa 600 lililotangazwa mwaka 2024, tofauti ilikuwa ndogo kuliko hiyo lakini ilikuwa dhahiri: waliopata madhara yaliyohesabiwa katika mwaka mmoja walikuwa asilimia 17.9 kwa puto lenye dawa na asilimia 28.6 kwa puto tupu. Mwaka huo huo matumizi yake katika stenti za moyo zilizofinyika yaliruhusiwa nchini Marekani.

Ugumu wa kazi hii kichwani

Kilichofaa katika moyo hakiwezi kuhamishiwa ubongoni bila tahadhari. Karotidi inapoingia katika fuvu hujikunja kama nyoka, na puto lililotengenezwa kwa ajili ya moyo ni gumu kupitishwa katika kona hizo. Njiani sehemu ya dawa huoshwa na damu, na punje zake huweza kwenda mbele na kuingia katika vijishipa vidogo. Tena dakika moja ya kuachia dawa ni dakika moja ya kuziba njia ya damu. Ukuta ulio laini waweza kuchanika. Baada ya kazi yote, mgonjwa hana budi kutumia dawa mbili za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida aspirini na klopidogreli, kwa miezi kadhaa, jambo ambalo huongeza uwezekano wa kuvuja damu.

Swali la usalama wa dawa yenyewe pia limejadiliwa. Mwaka 2018 mkusanyo wa majaribio ya ateri za miguu ulidokeza kwamba vifo viliongezeka miaka kadhaa baada ya kutumia vifaa vyenye paklitakseli. Hofu ilikuwa kubwa. Baada ya uchunguzi mrefu wa hesabu nyingi zaidi, mwaka 2023 wakuu wa dawa wa Marekani walitamka kwamba ushahidi hauonyeshi ongezeko la vifo.

Kuhusu ubongo wenyewe, waganga wa Stuttgart walitangaza mwaka 2011 kwamba stenti za ndani ya fuvu zilizofinyika zilirudia kufinyika mara chache zaidi zilipotibiwa kwa puto lenye dawa kuliko kwa puto tupu. Ripoti nyingine, nyingi zikiwa za kutoka China, zimeelekea upande huo huo. Lakini sehemu kubwa ya ripoti hizo ni za wagonjwa wachache, waliochaguliwa na waganga wenyewe na si kwa bahati nasibu. Ushahidi wa namna hiyo huonyesha kwamba jambo linawezekana. Hautoshi kuthibitisha kwamba ndilo bora. Mwaka 2011 ulikwisha kufundisha gharama ya kusahau tofauti hiyo.

Kwa upande mwingine, kukata tamaa nako si haki. Mwaka 2024 jaribio la China lenye wagonjwa 501 lilionyesha kwamba puto tupu, likijazwa polepole bila kufikishwa upana kamili wa mshipa, pamoja na dawa, lilipunguza madhara yaliyohesabiwa katika mwaka mmoja hadi asilimia 4.4, dhidi ya asilimia 13.5 kwa dawa peke yake. Ingawa ukuta wa ateri ulichanika kwa asilimia 14.5 ya waliotiwa puto. Upole wa mkono umeleta kile ambacho nguvu ya madini ilishindwa kuleta.

Kwa hiyo mganga anayekuta stenti iliyofinyika hujiuliza mambo kwa utaratibu. Je, mgonjwa ana dalili, au mfinyo umeonekana katika picha tu? Je, anatumia dawa zake ipasavyo? Je, duara la Willis linamsaidia? Asiye na dalili mara nyingi huangaliwa na kupigwa picha mara kwa mara. Ni yule anayeendelea kupata dalili licha ya dawa ambaye puto lenye dawa laweza kufikiriwa, katika hospitali yenye wataalamu wa kazi hiyo.

Kinga

Vifaa hivi ni ghali, na wataalamu wake ni wachache. Lakini chanzo cha ugonjwa kipo kila mahali. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 katika wilaya ya Hai, na 315.9 jijini Dar es Salaam. Si viharusi vyote hivyo vinavyotokana na mfinyo wa ateri za ndani ya fuvu, lakini shinikizo la damu huchangia sehemu kubwa ya aina zote.

Inafaa kukumbuka kwamba kundi lililopona zaidi mwaka 2011 halikuwekewa chochote kichwani. Lilipewa dawa, shinikizo la damu likalengwa kuwa chini ya milimita 140 za zebaki, kolesteroli ikapunguzwa, wavutaji wakasaidiwa kuacha tumbaku, na wote wakahimizwa kufanya mazoezi. Puto lenye dawa ni msaada kwa mshipa uliokwisha kuumia mara mbili. Kipimo cha shinikizo la damu, ambacho hupatikana hata katika zahanati nyingi, humlinda mtu kabla mshipa wake haujaumia hata mara moja.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yanayotofautisha ateri za ndani ya fuvu na ateri za moyo, na ueleze jinsi kila moja linavyoathiri matibabu.
2. Ateri yenye kipenyo cha milimita 3 imefinyika kwa asilimia 50. Eneo la tundu lililobaki ni sehemu gani ya lile la kwanza?
3. Kwa nini kovu ndani ya stenti ni jema likiwa dogo na baya likiwa kubwa?
4. Puto lina kipenyo cha milimita 2.5 na urefu wa milimita 20. Ikiwa kila milimita mraba imepakwa mikrogramu 3, puto zima linabeba dawa kiasi gani?
5. Eleza kwa nini ripoti ya wagonjwa wachache waliochaguliwa na mganga haina uzito sawa na jaribio ambalo wagonjwa wake hugawanywa kwa bahati nasibu.